Kaya Chache Zisemee Kijiji Kizima: Namna ya Kukadiria na Kulinganisha Wastani wa Muda wa Kuchota Maji

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hafungui kila gunia. Huchukua bambo, akalidunga gunia ubavuni, akapokea punje kiganjani, akazitazama, akazinusa, pengine akaitafuna moja apate kujua unyevu. Kwa magunia mia mbili huenda akadunga ishirini tu, kisha akataja bei. Lakini mtazame vizuri. Hadungi yale ishirini yaliyo karibu na mlango, wala hadungi sehemu ya juu pekee, kwa sababu anafahamu kuwa muuzaji mjanja huweka punje safi juu na pumba chini. Elimu yote ya sampuli imo katika mkono huo: kuchukua kidogo, kukichukua pasipo kuelekezwa na mwenye mali, na kujua ni kwa kiasi gani kidogo hicho chaweza kukupotosha.

Somo la toleo hili limeandikwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji na kata, wajumbe wa vyombo vya watumiaji maji, na mwananchi yeyote aliyewahi kusikia mkutanoni ikitamkwa kwamba "kwa wastani" jambo liko hivi au vile, akatamani kuuliza: wastani huo umepatikanaje? Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, nao ni muda ambao kaya hutumia kuchota maji. Tumeuchagua mfano huu kwa kuwa kila mwaka hutokea fedha zikatosha kuchimba kisima kimoja, huku vijiji viwili vikiwa na haja, na kila kimoja kikidai kwamba akina mama wake ndio wanaoteseka zaidi. Tarakimu za vijiji zilizomo humu ni za kufundishia. Si za kijiji chochote kilichopo.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka shabaha kwamba mkazi wa kijijini apate lita 25 za maji kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ufuatiliaji wao wa pamoja, hutazama muda: kwenda, kukaa foleni na kurudi kusizidi dakika 30. Kwa maoni ya mwandishi, kipimo cha muda husema kweli zaidi kuliko cha umbali. Bomba lililo mita 200 kutoka mlangoni, lakini lenye foleni ya ndoo sitini tangu alfajiri, liko mbali kuliko linavyoonekana kwenye ramani.

Basi, kwa nini tusiulize kaya zote? Kuhesabu kila mtu kunawezekana, na taifa lilifanya hivyo katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, iliyopata watu 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Lakini sensa huja mara moja katika miaka kumi, na maswali yake hayawezi kuingia kwa undani katika kila shida. Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe, inapotaka kujua mapato na matumizi, hutumia sampuli: utafiti wa mwaka 2017/18 ulihoji kaya zisizofika 10,000 kwa Tanzania Bara nzima. Idadi hiyo ilitosha kuisemea nchi, lakini haikukusudiwa kukisemea kijiji kimoja. Anayetaka kujua hali ya kijiji hana budi kupima kijijini.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kaya, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko hesabu zote zitakazofuata. Tuseme kijiji kina kaya 400 na tunataka 36. Chukua daftari la wakazi lililohuishwa, zipe kaya namba kuanzia 1 hadi 400, kisha gawanya 400 kwa 36. Utapata 11 na kitu. Andika namba 1 hadi 11 katika vikaratasi, vikunje, mwombe mtu mbele ya wajumbe avute kimoja. Akivuta 7, utaanza na kaya ya 7, kisha ya 18, ya 29, ukiongeza 11 kila mara hadi ya 392. Zitatimia 36. Hakuna mwenyekiti wa kitongoji aliyekuonesha nyumba, hakuna kaya iliyojipendekeza, na wewe mwenyewe hukukwepa ile iliyo ng'ambo ya korongo.

Kuna njia za mkato, na zote zina gharama. Ukisimama kisimani na kuwahoji wachotaji, utakutana mara nyingi zaidi na wale wanaokuja mara nyingi. Kaya ya mbali inayochota mara moja kwa siku haitaonekana kama kaya jirani inayochota mara tano. Ukipita kando ya barabara kuu, utazipata kaya ambazo pengine bomba lilizifikia kwanza. Kosa la namna hii tuliite upogo. Upogo hautibiwi kwa kuongeza idadi. Mwaka 1936 nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilipokea karatasi za maoni zaidi ya milioni mbili na kutabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Majina ya waliopelekewa karatasi yalikuwa yametolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na magari, watu ambao wakati ule wa dhiki hawakuwa sura ya taifa zima, na waliojisumbua kuzirudisha walikuwa sehemu tu ya hao. Milioni mbili zilizochaguliwa vibaya hazikufua dafu.

Nami nina la kukiri. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana niliyetumwa kukusanya takwimu za maji mahali ambapo sitapataja, nilifika saa nne asubuhi na kukuta nyumba kadhaa za sampuli yangu hazina mtu. Nilikuwa na baiskeli ya kuazima na siku mbili tu. Kila nilipokuta mlango umefungwa nilihoji nyumba ya jirani, nikajaza fomu, nikasonga mbele. Wastani niliopata ulikuwa mzuri, wa kutia moyo, na kijiji kile kikashushwa katika orodha ya wanaosubiri. Baadaye bibi mmoja aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, ulidhani wale ambao hukuwakuta walikuwa wapi?" Walikuwa kisimani. Nilikuwa nimeziondoa kwenye hesabu, nyumba baada ya nyumba, zile kaya hasa zilizokuwa na foleni ndefu, na badala yake nikaweka zile zilizokwisha kurudi.

Kwa hiyo kaya isiyopatikana hairithiwi na jirani. Rudi jioni. Rudi kesho. Ikishindikana kabisa baada ya mara tatu, iandike kuwa haikupatikana, na idadi ya kaya za namna hiyo itajwe katika taarifa. Jambo jingine: usiridhike na jibu la "kama nusu saa hivi". Watu hukadiria kwa nusu saa na saa nzima, na aliyesikia kwamba kisima kinakuja anaweza kuziongeza dakika bila nia mbaya. Inapowezekana, mpimaji aongozane na mchotaji, saa mkononi, tangu ndoo inapotoka mlangoni hadi inapotuliwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuanze na kaya tisa tu, ili ufanye kwa kalamu. Dakika zao ni hizi: 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55, 60 na 110. Jumla ni 450. Ukigawa kwa 9, wastani ni 50. Utaona kwamba kaya ya 110 imeuvuta wastani juu; kaya ya katikati ina dakika 45. Wapo watakaoshauri kuifuta ile 110 kwa kuwa "inaharibu hesabu". Usiifute, isipokuwa umethibitisha kuwa ni kosa la uandishi. Kaya iliyo pembezoni ni sehemu ya kijiji, na mara nyingi ndiyo iliyotufanya tuje kupima.

Wastani wa 50 ni wa kaya tisa. Wastani wa kaya zote 400 hatuujui, nasi tunataka kuukadiria. Lau vikaratasi vingevutwa tena, kaya nyingine tisa zingetokea, na wastani mwingine. Ungetofautiana kwa kiasi gani? Hilo hutegemea mambo mawili: jinsi kaya zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe, na idadi ya kaya ulizochukua.

Kupima jinsi zinavyotofautiana, toa wastani katika kila tarakimu: utapata -25, -20, -15, -10, -5, 0, 5, 10 na 60. Zidisha kila moja kwa yenyewe na ujumlishe; jumla ni 5,100. Igawe kwa idadi ya kaya kasoro moja, yaani 8, upate 637.5. Kipeuo cha pili chake ni takriban 25. Hiki huitwa mkengeuko sanifu, na husema kwamba kaya hutawanyika kuuzunguka wastani kwa kiasi cha dakika 25. Kisha gawa mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha idadi ya kaya: kipeuo cha 9 ni 3, basi 25 kwa 3 ni kama 8.4. Hiki ni kosa sanifu, nacho hakizungumzii tena kaya moja moja. Kinazungumzia ule wastani na jinsi unavyoweza kuyumba kutoka sampuli hata sampuli. Wengi huchanganya viwili hivi, hata katika taarifa zilizopigwa muhuri.

Hatua ya mwisho ni kulizidisha kosa sanifu ili kupata nafasi ya kutosha pande zote mbili. Kwa sampuli kubwa kizidisho ni karibu 2. Kwa sampuli ndogo ni kikubwa zaidi, na aliyelitatua jambo hilo hakuwa profesa bali mfanyakazi wa kiwanda cha bia. William Sealy Gosset, wa Guinness mjini Dublin, alilazimika kuamua mambo ya shayiri kwa vipimo vichache, na mwaka 1908 akachapisha jibu lake kwa jina la kupanga, "Student". Majedwali yaliyotokana na kazi yake yanatupa 2.31 kwa kaya tisa na 2.03 kwa kaya 36. Hapa basi ni 8.4 mara 2.31, yaani dakika 19. Wigo wetu wa uhakika unaanzia 31 na kuishia 69.

Maana yake ni hii: kama utaratibu uleule wa kuvuta vikaratasi ungerudiwa mara 100, takriban mara 95 wigo utakaopatikana ungeukumba wastani wa kweli wa kijiji. Na wigo wa dakika 31 hadi 69 unatuambia tunajua kidogo sana. Kaya tisa zinatosha kujifunzia, hazitoshi kugawia kisima.

Twende kwenye kaya 36. Tuseme Kijiji cha Kwanza kimetoa wastani wa dakika 52, na mkengeuko sanifu wa 24. Kipeuo cha 36 ni 6, kosa sanifu ni 4, na wigo ni takriban 44 hadi 60. Kijiji cha Pili, kwa kaya 36 pia, kimetoa wastani wa 43 na mkengeuko wa 18. Kosa sanifu ni 3, na wigo ni 37 hadi 49. Mkutanoni mtu atasimama na kusema: "Hesabu imemaliza ubishi, cha Kwanza kinawazidi kwa dakika tisa." Je, imemaliza?

Tunapolinganisha, kinachokadiriwa ni ile tofauti, nayo ina kosa sanifu lake. Halipatikani kwa kujumlisha 4 na 3. Zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo: 16 na 9 ni 25, kipeuo chake ni 5. Mara 2 ni 10. Tofauti ni 9, ikizidi au kupungua kwa 10, yaani kuanzia -1 hadi 19. Sifuri imo ndani ya wigo. Kwa ushahidi huu yawezekana vijiji vinalingana, na yawezekana vilevile kwamba cha Kwanza kinataabika kwa dakika 19 zaidi. Angalia kwamba hatukusema vijiji vinalingana. Tumesema hatujaweza kuvitenganisha, na kuchanganya kauli hizi mbili kumewanyima watu haki yao mara nyingi.

Dakika tisa si kitu kidogo. Mama anayekwenda mara nne kwa siku hupoteza dakika 36, na binti anayemsaidia huchelewa kengele ya shule. Basi yafaa kupima zaidi. Ili kupunguza kosa kwa nusu unahitaji kaya mara nne: 144 kila kijiji. Kama mkengeuko utabaki uleule, makosa sanifu yatakuwa 2 na 1.5, la tofauti litakuwa 2.5, na nafasi ya kila upande itakuwa dakika 5. Tofauti ikiendelea kuwa 9, wigo utakuwa 4 hadi 14, na hapo mwenye kuamua ana mahali pa kusimama. (Kwa kuwa 144 ni zaidi ya theluthi moja ya kaya 400, kosa halisi litakuwa dogo kidogo kuliko hilo, tuiache faida hiyo.) Sharti ni moja: idadi ipangwe kabla ya kwenda uwanjani. Anayeongeza kaya tano tano huku akichungulia matokeo, na kuacha pale anapopata anachokitaka, hajapima kitu.

Wala uamuzi haulazimiki kungoja. Tazama tena: wigo wa kila kijiji uko juu ya dakika 30. Vyote viwili vimepungukiwa huduma, na hilo limethibitika kwa kaya 36 tu. Swali la nani atangulie ndilo lililobaki, na huenda likaamuliwa na idadi ya watu, kina cha maji ardhini au ubora wake, mambo ambayo wastani wa dakika hausemi.

Lipo kosa jingine linalojirudia katika taarifa tunazopokea, na linahusu vitongoji. Tuseme kijiji kina kitongoji cha barabarani chenye kaya 300 na kitongoji cha mlimani chenye kaya 100. Mtendaji mwangalifu, asitake kukisahau cha mlimani, anachukua kaya 18 kila kitongoji. Amefanya vema. Anapata dakika 35 barabarani na 75 mlimani, anajumlisha na kugawa kwa mbili, anaandika 55. Hapo amekosea, kwa sababu barabarani kuna watu mara tatu. Kila wastani upewe uzito wa kaya zake: 300 mara 35 ni 10,500, 100 mara 75 ni 7,500, jumla 18,000, ukigawa kwa 400 ni 45. Na hata hiyo 45, ingawa ndiyo sahihi, isiandikwe peke yake. Hakuna kitongoji kinachotumia dakika 45. Andika zote tatu, msomaji aone kwamba shida iko mlimani.

Kisima kikishachimbwa, tutataka kujua kama kimeleta nafuu. Hapa usichague kaya mpya. Rudi kwa zilezile. Kwa kila kaya toa dakika za sasa katika dakika za awali, ubaki na orodha moja ya nafuu. Tuseme kaya 25 zimepata nafuu ya wastani wa dakika 12, na mkengeuko wa nafuu hizo ni 15. Kosa sanifu ni 15 kwa 5, yaani 3, na wigo ni dakika 6 hadi 18. Kwa kuwa kila kaya inalinganishwa na nafsi yake, tofauti za asili kati ya aliye karibu na aliye mbali haziingii tena kuchafua hesabu, ndiyo maana kaya chache zimetosha. Ila majira yawe yaleyale. Aliyepima Oktoba, visima vikiwa vimekauka, kisha akarudi Aprili mvua ikinyesha na kila paa lina pipa, atausifu mradi kwa kazi iliyofanywa na masika. Na ikiwezekana, pima pia kijiji jirani ambacho hakikupata kisima, katika miezi hiyohiyo miwili. Nafuu iliyotokea huko itoe katika nafuu ya kwako.

Zoezi kwa msomaji. Katika Zahanati ya Kwanza, wagonjwa 64 walipimwa muda wa kusubiri siku ya Jumatatu: wastani dakika 95, mkengeuko sanifu 48. Katika Zahanati ya Pili, wagonjwa 100 walipimwa siku ya Ijumaa: wastani dakika 70, mkengeuko sanifu 80. Tafuta kosa sanifu la kila wastani, kosa sanifu la tofauti, na wigo wake. Ukifanya sawasawa, utapata tofauti ya dakika 25, ikizidi au kupungua kwa 20, na sifuri haitakuwamo. Kisha eleza, kwa sentensi mbili, kwa nini mganga mfawidhi wa Zahanati ya Kwanza anayo haki ya kuikataa taarifa hiyo, na ungepanga vipi upimaji mwingine ambao asingekuwa na sababu ya kuukataa.